Seva yako inazeeka lini? Mwongozo kamili wa kufuatilia habari za seva na zana kwa kampuni ndogo ya programu

Saa nne usiku wa Ijumaa, mteja wetu mwenye maduka matatu ya vipuri alipiga simu: mfumo wa mauzo umegoma, kila kompyuta inasema tovuti si salama. Cheti cha usalama kilikuwa kimeisha muda. Onyo lilitumwa kwa barua pepe wiki tatu kabla, ila lilikwenda kwenye anwani ya kijana aliyekuwa ameacha kazi kwetu mwaka mzima nyuma. Habari ilikuwepo. Haikuwa na mwenyewe.

Tangu usiku ule tumejenga utaratibu ninaoueleza hapa. Unawafaa watu watatu hadi kumi na tano wanaoandika programu, wanaokodi seva mbili tatu, na ambao hawana mtu aliyeajiriwa kwa ajili ya seva tu. Kampuni kubwa zina idara za kazi hii. Sisi wengine tuna jedwali, kalenda na zamu.

Hatua ya 1: Hesabu ulichonacho

Kosa la kwanza la wengi ni kuanza na habari zenyewe. Wanajiandikisha kwenye majarida kumi ya teknolojia, na wiki mbili baadaye wanayafuta bila kuyafungua. Tangazo kuhusu Kubernetes halikuhusu kama huna Kubernetes. Kwa hiyo fungua Excel au Google Sheets, uweke safu sita: kitu, toleo, kilipo, tarehe ya mwisho wa kuhudumiwa, anayekitunza, na kinalipiwaje. Kwenye safu ya anayekitunza andika jina la mtu mmoja. Ukiandika "timu" umeandika "hakuna".

Ingia kwenye kila seva. `lsb_release -a` itakuambia mfumo endeshi, `node -v` na `php -v` zitakupa matoleo ya lugha, `docker ps` itaonyesha kontena zinazofanya kazi. Kwa PostgreSQL usiridhike na `psql --version`, maana hiyo inataja toleo la programu unayoitumia kuingilia, wala si la hifadhidata yenyewe. Ingia ndani uandike `SHOW server_version;`. Kisha `sudo ss -tulnp`, inayoorodhesha kila kinachosikiliza kwenye mtandao. Hapo ndipo mambo yaliyosahaulika hujitokeza. Sisi tulikuta Redis, hifadhi ya data ya kwenye kumbukumbu, iliyosakinishwa kwa mradi uliokufa zamani, na seva moja nzima ya majaribio ambayo hakuna aliyeikumbuka isipokuwa kadi ya benki.

Usiishie kwenye seva. Andika majina ya vikoa na tarehe za kuyalipia, vyeti vya usalama, akaunti za malipo ya simu, mtoa huduma wa SMS, akaunti ya Google Play. Hii ya mwisho ina saa yake: kila mwaka, kwa kawaida ifikapo 31 Agosti, Google huzitaka programu mpya na masasisho yalenge toleo la karibuni la Android, na mwaka 2025 lilikuwa Android 15. Andika pia kadi inayolipia kila kitu na mwezi inapoisha muda. Nimeona seva zikizimwa kwa sababu ya kadi mara nyingi kuliko kwa sababu ya wadukuzi.

Maktaba zilizomo ndani ya programu huna haja ya kuzinakili kwa mkono, kwa sababu faili kama `package-lock.json` na `composer.lock` tayari ni orodha. Unachotakiwa ni kuweza kutafuta jina moja ndani ya miradi yote kwa dakika tano. Desemba 2021, tundu la usalama la Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za matukio, lilipotangazwa, kurekebisha programu moja ilikuwa kazi ya saa chache. Kilichowakesha watu duniani kote ni kujua Log4j imo wapi.

Hatua ya 2: Jaza tarehe za mwisho

Programu iliyofikia mwisho wa kuhudumiwa haizimiki. Inaendelea kupiga kazi kama kawaida, na ndiyo maana watu huisahau. Kinachokoma ni viraka: tundu likigunduliwa kesho, hakuna atakayekuzibia.

Tovuti ya endoflife.date imekusanya tarehe za mamia ya bidhaa mahali pamoja. Itumie kuanzia, kisha thibitisha kwenye ukurasa wa mtengenezaji mwenyewe. Hizi ni baadhi ya zile ambazo kampuni nyingi za kwetu zinazigusa:

- Ubuntu 20.04: msaada wa kawaida ulikoma 31 Mei 2025. Matoleo ya LTS (ya msaada wa muda mrefu) hutoka Aprili ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili na huhudumiwa miaka 5.
- CentOS 7: ilikoma 30 Juni 2024.
- PostgreSQL: kila toleo kubwa huhudumiwa miaka 5. Toleo la 13 lilipata kiraka chake cha mwisho Novemba 2025, na la 14 linafuata Novemba 2026.
- MySQL 8.0: Aprili 2026. Mrithi wa muda mrefu ni 8.4.
- Node.js 18: 30 Aprili 2025. Node.js 20: 30 Aprili 2026. Matoleo ya namba shufwa hapa ndiyo yanayopata msaada mrefu. Witiri yaache kwa wanaopenda kuonja.
- PHP 8.1: 31 Desemba 2025.

Tarehe nazo huhama. CentOS 8 iliahidiwa kuhudumiwa hadi 2029. Desemba 2020 Red Hat, kampuni inayoisimamia, ikatangaza kwamba itakoma mwisho wa 2021, na waliokuwa wamekwisha kuhamia walijikuta wana mwaka mmoja wa kufunga virago, wengi wakaenda AlmaLinux au Rocky Linux. Kwa hiyo pitia safu ya tarehe upya kila baada ya miezi mitatu.

Kila tarehe iingie kwenye kalenda ya kampuni mara tatu: miezi tisa kabla, mitatu kabla, na mmoja kabla. Ile ya miezi tisa ni ya bajeti. Mteja akiambiwa mapema kwamba mwaka huu kutakuwa na kazi ya kuhamisha seva, hulipa. Akiambiwa wiki ya mwisho, anaona umemtega.

Kuhusu vyeti vya usalama, acha kabisa kuvibadilisha kwa mkono. Let's Encrypt iliacha kutuma barua pepe za kukumbusha Juni 2025, na jukwaa linalounganisha watoa vyeti na watengenezaji wa vivinjari limekubaliana kufupisha umri wa vyeti: siku 200 kuanzia 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia Machi 2027, na siku 47 kuanzia Machi 2029. Sakinisha Certbot au Caddy ivihuishe yenyewe, kisha weka mlinzi wa pili, programu kama Uptime Kuma inayochungulia cheti kutoka nje na kukupigia kelele zikibaki siku kumi na nne.

Hatua ya 3: Chagua visima vichache

Fungua anwani ya barua pepe ya kampuni isiyo ya mtu, kama habari@ jina la kikoa chako, na ijiandikishe hiyo. Mtu akiondoka, habari zinabaki.

Ichotee maji penye chanzo. Ubuntu ina orodha ya matangazo ya usalama, PostgreSQL ina pgsql-announce, Node.js inayo ya kwake. Kwa miradi iliyo GitHub, bonyeza Watch, kisha Custom, kisha Releases: utapata matoleo tu, bila gumzo la watu. Washa Dependabot kwenye kila mradi ikuoneshe maktaba zenye matundu. Ongeza ukurasa wa hali ya huduma wa yule anayekukodisha seva, na orodha ya KEV ya shirika la CISA la Marekani, yenye matundu ambayo tayari yanatumiwa na washambuliaji. Hiyo ya mwisho naithamini kuliko zote, kwa sababu haisemi kinachoweza kutokea, inasema kinachotokea.

Habari nyingine zina ratiba. Viraka vya Microsoft hutoka Jumanne ya pili ya mwezi, na kwa saa za Afrika Mashariki huwa saa mbili au saa tatu usiku, hivyo kazi ni ya Jumatano asubuhi. Viraka vidogo vya PostgreSQL hutoka Alhamisi ya pili ya Februari, Mei, Agosti na Novemba. Ukiijua ratiba hushtuki.

Kwetu, kila Jumatano mtu mmoja wa zamu husoma sanduku hilo kwa nusu saa na kuandika mistari miwili mitatu kwenye kundi la WhatsApp la kazini: nini kimetoka, kinatuhusu wapi, nani anafanya. Wiki nyingi mstari ni mmoja tu: hakuna linalotuhusu.

Hatua ya 4: Pepeta

Hapa ndipo akili inapohitajika. Kila tangazo la usalama linaandikwa kana kwamba nyumba inaungua. Ninajiuliza maswali manne, kwa mpangilio huu: tunacho hicho kitu? Toleo letu limo? Kinafikika kutoka intaneti? Kuna anayekishambulia tayari?

Chukua mfano wa Desemba 2025. Tarehe 3 lilitangazwa tundu lenye namba ya utambulisho CVE-2025-55182 ndani ya React Server Components, sehemu ya maktaba ya React inayofanya kazi kwenye seva, lililompa mtu wa nje uwezo wa kuendesha amri kwenye seva bila kuingia na nywila. Lilipewa alama 10 kati ya 10, na siku mbili baadaye lilikuwa kwenye orodha ya KEV. Mwenye Next.js 15 au 16, inayojengwa juu ya React, iliyo wazi mtandaoni alijibu ndiyo kwenye maswali yote manne, na hiyo ni kazi ya usiku uleule. Jirani yake mwenye programu ya zamani ya Laravel, yaani ya PHP, alijibu hapana kwenye la kwanza akaenda kulala.

Sasa mfano wa kupindua mambo. Julai 2024 lilitangazwa tundu la OpenSSH, programu ya kuingilia kwenye seva kutoka mbali, CVE-2024-6387, linalogusa matoleo ya 8.5p1 hadi 9.7p1. Waliokuwa bado kwenye Ubuntu 20.04, yenye OpenSSH 8.2, hawakuguswa, wenye 22.04 na 24.04 ndio waliotakiwa kukimbia. Na walipoweka kiraka, namba haikuruka kwenda 9.8. Ubuntu huchukua marekebisho na kuyashonea kwenye toleo la zamani, hivyo utaona bado 8.9p1 ikiwa na tarakimu ndogo za mkiani zilizobadilika. Mteja mmoja aliajiri mkaguzi aliyesoma namba ya mwanzo tu, akaandika kwamba seva yetu ina tundu. Tulimtumia tangazo la Ubuntu lenye namba kamili ya kifurushi, shauri likaisha. Soma maelezo ya msambazaji wako, usisome kichwa cha habari.

Kipya nacho si lazima kiwe salama. Machi 2024 Andres Freund, mmoja wa watengenezaji wa PostgreSQL, aliona kuingia kwa SSH kwenye mashine yake kunachelewa kama nusu sekunde. Alifuatilia, akakuta mlango wa siri umepandikizwa kwenye programu ya kubana data, xz 5.6.0 na 5.6.1. Waliopatikana na hatari ni waliokuwa wakikimbilia vifurushi vipya kabisa; matoleo tulivu ya Debian na Ubuntu hayakuwa na xz hiyo. Septemba 2025 ikawa zamu ya npm, ghala la maktaba za JavaScript: mtunzaji wa maktaba maarufu kama chalk na debug alidanganywa kwa barua pepe, na matoleo yenye sumu yakawekwa kwa muda mfupi kabla ya kuondolewa.

Kwa sababu hiyo nina kanuni mbili zinazopingana, na zote nazishika. Kiraka cha tundu linaloshambuliwa, weka leo. Toleo jipya lisilo na habari ya usalama, liache likae wiki moja nje, wengine walionje. pnpm, mbadala wa npm, ina mpangilio wa `minimumReleaseAge` kwa kazi hiyohiyo. Na kwenye seva tumia `npm ci`, si `npm install`, ili kilichosakinishwa kiwe kilekile ulichokijaribu.

Kikapu cha mwisho ni habari za leseni na bei, ambazo mafundi huzidharau. Heroku iliondoa huduma zake za bure Novemba 2022. Redis ilibadilisha leseni Machi 2024; siku chache baadaye Linux Foundation ikatangaza Valkey, iliyotokana na Redis 7.2.4, na Mei 2025 Redis 8 ikarudi na leseni huria ya AGPL kama mojawapo ya chaguo. Kwa kampuni inayotumia Redis ndani ya mfumo wake tu, hapakuwa na dharura yoyote. Lakini mkurugenzi atakuuliza, na jibu lako lisiwe "ngoja nikaangalie".

Hatua ya 5: Hama bila kuumiza watu

Tuchukue hali ninayokutana nayo zaidi: seva moja, Ubuntu 20.04, PostgreSQL 12 iliyokuja nayo, programu ya Node.js ya zamani. Vyote vitatu vimepita muda. Unaweza kupandisha palepale kwa `do-release-upgrade`, ukipita 22.04 kwanza kwa sababu hairuhusiwi kuruka LTS. Mimi sipendi. Likiharibika katikati, mteja yuko gizani na wewe uko kwenye skrini nyeusi. Jenga seva mpya ya Ubuntu 24.04 kando, yenye PostgreSQL 16, kisha hamisha. Utalipia seva mbili kwa wiki mbili tatu. Ni bei ya kulala usingizi.

Wiki mbili kabla, andikia kila mshirika anayefungua mlango kwa anwani ya IP iliyosajiliwa. Benki na watoa huduma wa malipo ya simu wengi hufanya hivyo, na kubadilisha IP kwao ni barua, fomu na siku kadhaa za kusubiri. Kama mkodishaji wako anatoa anwani ya IP inayohamishika toka seva hadi seva, ichukue sasa, utaomba mara hii ya mwisho tu.

Fanya mazoezi ya kuhamisha data ukitumia bekapu ya jana. `pg_dump` hutoa nakala (dump) ya hifadhidata moja lakini haibebi watumiaji wake. Hao wanakuja kwa `pg_dumpall --globals-only`. Tumia `pg_dump` ya toleo jipya kuisoma hifadhidata ya zamani. Usinakili faili za hifadhidata moja kwa moja kutoka diski hadi diski: mbali na matoleo kutoelewana, mpangilio wa herufi hutegemea maktaba ya glibc ya mfumo endeshi, na faharasa za maneno zinaweza kuharibika kimyakimya. Kurejesha kwa dump hujenga faharasa upya. Ukimaliza, endesha `vacuumdb --all --analyze-in-stages`, la sivyo kila ripoti itakuwa nzito na utailaumu seva mpya bure.

Kuna mtego mmoja uliotupotezea jioni nzima. Kuanzia toleo la 14, PostgreSQL huhifadhi nywila kwa scram-sha-256, na mpangilio wa kawaida wa Ubuntu huidai njia hiyo. Watumiaji waliobebwa kutoka toleo la 12 wanakuja na nywila za md5, na wanakataliwa mlangoni ingawa nywila ni sahihi. Dawa ni kumwekea kila mtumiaji nywila yake upya ndani ya seva mpya. Na ukiunda hifadhidata mpya kabisa kwenye 15 na kuendelea, mtumiaji wa kawaida haruhusiwi tena kuunda jedwali kwenye schema ya public (sehemu ya kawaida ya kuwekea majedwali) hadi umpe ruhusa.

Pima muda wa mazoezi kwa saa. Kama dump na kurejesha vilichukua dakika arobaini, mwombe mteja saa mbili. Chagua muda kwa kumjua yeye: mwenye maduka usimguse mwisho wa mwezi, shule usiiguse wiki ya ada, hoteli ya pwani usiiguse Desemba.

Siku moja kabla, punguza TTL ya DNS (muda ambao kompyuta za nje hukumbuka anwani ya seva yako) hadi sekunde 300. Saa ikifika, fuata mfuatano huu bila kuuchanganya: weka ukurasa wa "tunafanya matengenezo", simamisha programu ya zamani, zima cron (kazi zinazojiendesha kwa ratiba) ya seva ya zamani, chukua dump ya mwisho, rejesha, hesabu safu za majedwali makubwa pande zote mbili, washa programu mpya, jaribu muamala mmoja halisi wa fedha kidogo, kisha geuza DNS. Hilo la cron nimelikoleza kwa sababu nililisahau. Seva zote mbili zilituma SMS za kukumbusha madeni asubuhi, na wadaiwa wa mteja wetu walikumbushwa mara mbili. Mmoja alijibu kwamba amesikia, asipigiwe kelele.

Kabla ya kuanza andika pia saa ya kurudi nyuma. Kwa mfano: ikifika saa nane usiku na muamala wa majaribio haujapita, tunarudi seva ya zamani bila mjadala. Ukishafungulia wateja waandike data kwenye seva mpya, kurudi ni kazi nyingine kabisa, hivyo uamuzi ni kabla ya hapo. Mtu aliyechoka hupenda kusema "dakika kumi tu". Karatasi haichoki.

Jambo moja la huku kwetu: hakikisha una njia mbili za intaneti usiku huo. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini na Tanzania, Kenya na majirani wakakaa siku kadhaa na mtandao wa kobe. Kama seva yako iko Frankfurt na dump iko njiani kupitia kompyuta yako, umekwama. Hamisha data seva kwa seva moja kwa moja, na fanya kazi ndani ya `tmux` ili SSH ikikatika kazi iendelee.

Seva ya zamani iache imezimwa wiki mbili. Kisha chukua picha ya mwisho ya diski, ihifadhi penye usiri kwa sababu ina data za watu, na ifute seva. Badilisha mstari kwenye jedwali: Ubuntu 24.04, mwaka 2029. PostgreSQL 16, Novemba 2028. Mwisho wa mwezi fungua ankara uisome mstari kwa mstari. Wakodishaji wengine huendelea kutoza diski na anwani za IP zilizobaki peke yake baada ya seva kufutwa, na hizo haziombi ruhusa ya mtu.